Mashine Isiyovuma

Picha zilifika vijiji vya Ufipa zikiwa zimeandamana na jenereta. Kibanda umiza kilijulikana kwa mlio kabla hujakiona: jenereta ya petroli nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma, ndani deki na televisheni ya chogo, spika zilizofunguliwa hadi mwisho ili zishindane na jenereta, na juu ya yote sauti ya mtafsiri, Lufufu au mmoja wa waliomfuata, akitusimulia kwa Kiswahili kile ambacho mpiganaji wa Hong Kong alikuwa akikisema kwa lugha yake. Tulikua hivyo. Nguzo za umeme zikaja, lami ikaja, lakini wengi wetu tulibaki na imani kwamba mashine yenye nguvu lazima ivume, na kwamba ikinyamaza imekufa.

Ninaandika kuusifu ufundi unaoipinga imani hiyo: ufundi wa kuunda kompyuta ndogo ya sebuleni, ya kutazamia filamu na kusikilizia muziki, isiyo na feni hata moja na inayotosheka na umeme wa balbu moja ya LED. Mpui, hukuhuku Ufipa, yuko kijana anayeufanya, katika kibanda kilekile anamochajia watu simu na kuwawekea nyimbo kwenye memori kadi. Wateja humwita fundi, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Nilikuwepo siku mama mmoja alipokuja kuchukua mashine yake. Fundi aliiunganisha na skrini ya dukani, akabonyeza swichi, akasogea pembeni.

"Mwanangu, mbona huiwashi?"

"Imeshawaka, mama. Tazama huku."

Mama akainama, akatega sikio juu ya kasha, kisha akaweka kiganja. "Ina uvuguvugu," akasema, na uso ukamfunguka. Orodha ya filamu ilikuwa tayari iko kwenye skrini.

Uvuguvugu ule ndio kiini cha ufundi wenyewe. Kila wati inayoingia ndani ya kompyuta hutoka ikiwa joto; hakuna inayobaki ndani ikageuka kuwa picha. Joto hilo lazima lipate njia ya kutoka, maana likijikusanya juu ya prosesa, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na filamu huanza kukatika. Raspberry Pi, kwa mfano, huanza kujizuia ikifika nyuzi joto 80 hivi. Waundaji wa kompyuta za mezani walilitatua jambo hili kwa feni: moja juu ya prosesa, moja kwenye pawasaplai, nyingine nyuma ya kasha. Kwa hiyo kelele yote ile ni bei inayolipwa kwa umeme uliovutwa kupita mahitaji. Anayetaka ukimya hawezi kuanza na feni nzuri. Lazima aanze na wati, tena kabla hajanunua chochote.

Bahati nzuri ulimwengu umekuwa ukimsogelea. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilitoa umbo la mazabodi lenye sentimita 17 kwa 17, na juu yake ikaweka prosesa dhaifu zilizoweza kukaa bila feni. Mwaka 2008 Intel ikaleta Atom. Tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi ikaanza kuuzwa Uingereza, toleo lake lililojulikana zaidi likiwa la dola 35, ikiwa na ukubwa wa kadi ya benki na prosesa ya megahezi 700 tu. Mtu aliyezoea kuhesabu kasi angeicheka namba hiyo. Lakini kompyuta hiyo ilicheza filamu ya ubora wa juu bila kukwama, kwa sababu ndani ya chipu yake kulikuwa na sehemu iliyotengwa kwa kazi moja, kufumbua video za H.264. Sehemu inayojua kazi moja huifanya kwa umeme kidogo sana, ilhali prosesa kubwa isiyo na sehemu hiyo hutoka jasho kwa filamu ileile. Hapa ndipo fundi anayejua anapoachana na asiyejua: asiyejua huuliza kasi, anayejua huuliza chipu inafumbua video za aina gani.

Fundi wa Mpui hapendelei Raspberry Pi sana. Huitumia pale mteja anapokuwa na sola ndogo kabisa. Penginepo huchukua zile kompyuta nyembamba za ofisini, zilizotumika benki au kwenye kaunta za taasisi huko Ulaya, zikauzwa kama mtumba. Nakubaliana naye. Kompyuta hizo ni imara, zina kasha la chuma, ramu inabadilishwa, hadi disk inabadilishwa, na nyingi zilizaliwa bila feni. Hupanda basi kutoka Dar es Salaam na kuja kwa barabara ya Tunduma–Sumbawanga, hii iliyowekwa lami kwa fedha za Millennium Challenge ya Marekani baada ya mkataba wa mwaka 2008. Kabla ya lami, hadi disk iliyosafiri njia ile ilifika imeshachoka.

Sasa nije kwenye hewa, na hapa nakuja kwa fahari ya mtu wa huku.

Wafipa walikuwa wayeyushaji chuma wakubwa. Matanuri yao, malungu, yalijengwa kwa udongo wa vichuguu hadi kimo cha meta tatu hivi, na mabaki ya baadhi yake yangali yamesimama porini hadi leo, mavi ya chuma yakiwa yametapakaa chini. R. Wise aliandika habari za uyeyushaji huo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1958, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliufanya uhunzi wa kusini-magharibi ya Tanzania kuwa mada ya tasnifu yake ya mwaka 1995. Wanachokubaliana wote waliolitazama ilungu kwa makini ni kwamba lilipumua lenyewe. Halikuwa na mivukuto. Kuzunguka kitako chake kulikuwa na matundu yenye mirija ya udongo. Makaa na mawe ya chuma yalipangwa ndani kwa tabaka. Moto ukishawaka, hewa ya moto iliyo nyepesi ilipanda juu kwenye kimo kile, na hewa baridi ikaingia kwa nguvu kupitia mirija chini kuziba nafasi. Siku zikapita na moto ukaendelea kujilisha, hakuna aliyekaa kupuliza.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mivukuto walikuwa nayo. Baada ya ilungu kulikuwa na tanuri dogo la pili, kintengwe, la kusafishia chuma kabla ya kufuliwa kuwa jembe, na hilo ndilo lililopulizwa kwa mivukuto. Kwa hiyo wazee wale hawakuacha kupuliza ilungu kwa kukosa kifaa. Walijua wapi nguvu ya mkono inahitajika na wapi umbo la tanuri linatosha, wakachagua. Uyeyushaji ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipotapakaa, lakini uamuzi ule wa kihandisi haujachakaa.

Fundi naye ana feni kwenye droo. Nimeziona, nyingine mpya kabisa. Anachofanya badala ya kuzifunga ni hiki. Kutoka kwenye amplifaya zilizokufa hung'oa yale mabati mazito ya alumini yenye mapezi, yaliyokuwa yakipoza transista. Mapezi ya hitisinki za kompyuta yamebanana, karibu milimita mbili tu kati ya moja na jingine, kwa sababu yalitengenezwa yapulizwe. Hewa isiyosukumwa haiwezi kupita humo. Mapezi ya amplifaya yameachana kiasi cha upana wa kidole cha mtoto, na hewa hupanda kati yake bila kusukumwa. Fundi hulikata bati kwa msumeno wa chuma, hulisugua upande wa chini kwa msasa juu ya kipande cha kioo mpaka liwe tambarare kabisa, kisha huweka pesti juu ya prosesa, tone dogo kama punje ya mchele. Pesti nyingi ni kosa la kawaida. Watu hudhani ndiyo inayopoza, kumbe kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana ili chuma kigusane na chuma. Halafu hufunga skrubu kwa mshazari, nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko kule, bati lisije likalalia upande mmoja.

Mwisho husimamisha kasha wima. Hili wateja huliuliza sana, maana wamezoea kulaza kila kitu. Mapezi lazima yaelekee juu, matundu yawe chini na juu, na kasha liinuliwe sentimita mbili kutoka mezani kwa vipande vya mpira. Hewa ya moto hutokea juu, ya baridi hufuata kutoka chini. Ilungu lilikuwa na meta tatu za kuvutia. Kasha lina sentimita 20, kwa hiyo mvuto wake ni mdogo na kila tundu linahesabika. Kitambaa cha kufuma kilichotandazwa juu ya mashine kwa mapambo kinatosha kuiua kazi yote hiyo, na fundi huwaambia kina mama hivyo kwa upole, kabla hawajaondoka.

Uwanda wa juu wa Ufipa una sheria zake. Tuko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa takriban moja ya sita. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kipoza joto kinachotosha Tanga kinaweza kupwaya hapa, kama si kwamba baridi yetu inatulipa fidia: Juni na Julai, upepo unapokata uwandani usiku kucha, chumba chenyewe kinapoza mashine. Kipindi cha kuogopa ni Septemba na Oktoba, jua kali kabla ya mvua, na vumbi. Na kwa vumbi mashine isiyo na feni haina mpinzani. Feni hunyonya vumbi mchana kutwa na kulishindilia kwenye mapezi mpaka linayafunika kama blanketi. Kasha linalopumua polepole huingiza vumbi kidogo, na hilo kidogo hutolewa kwa brashi ya rangi mara moja kwa msimu.

Prosesa ikishanyamaza, sikio linaanza kusikia vilivyobaki. Hadi disk ya kuzunguka ina mlio mwembamba na mgugumio pale inapotafuta faili, na mgugumio huo hupitia skrubu ukaingia kwenye kasha, kasha likaupitisha kwenye meza ya mbao, meza ikaukuza. Dawa ya uhakika ni SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, lakini terabaiti moja ya SSD bado ni mzigo kwa mfuko wa mkulima wa mahindi. Fundi hufanya hivi: programu yenyewe anaiweka kwenye SSD ndogo, filamu na nyimbo kwenye hadi disk ndogo ya laptopu, inayokula wati mbili hivi wakati ile kubwa ya kompyuta ya mezani inakula sita au zaidi. Na hiyo hadi disk haifungi kwa skrubu. Anakata vipande vya tyubu ya baiskeli, mpira uleule unaofungia magunia kwenye keria, anavivuta kutoka ukingo hadi ukingo wa kasha, na kuining'iniza hadi disk katikati. Nimeweka sikio pale. Mtikisiko unaishia kwenye mpira.

Niseme kuhusu hela, kwa sababu ukimya peke yake haujawahi kumshawishi mtu mwenye ada ya shule mbele yake. Kompyuta ya zamani ya mezani pamoja na skrini yake ya chogo inaweza kuvuta wati 150. Ukiitazama saa tano kila jioni, kwa mwezi ni uniti 22 na nusu. Mashine ya fundi ikivuta wati 8 na televisheni ya LED ya inchi 24 wati 22, jumla ni uniti 4 na nusu. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1 alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, bila kodi na tozo, na kila uniti iliyozidi hapo shilingi 350. Kwa hiyo ile kompyuta ya zamani ingekula karibu theluthi ya uniti za bei nafuu, kabla pasi haijawashwa. Mtu akishapigiwa hesabu hiyo kwenye karatasi, haulizi tena mbona mashine ni ndogo.

Umeme wenyewe huku haukuwahi kuwa wa kuchezea. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikaa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea umeme wa kuvuka mpaka kutoka Zambia na mashine za dizeli. Njia kubwa ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ndiyo iliyokusudiwa kuifunga Rukwa kwenye gridi. Katika nyumba nyingi za vijijini, hata zilizounganishwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) kwa shilingi 27,000, betri na paneli bado vina nafasi yake. Hapo wati chache hugeuka kuwa saa nyingi. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inatoa saa-wati 600. Kwa mashine na televisheni ya sola, wati 30, hizo ni saa 20, yaani jioni nne bila jua. Kwa ile ya wati 150, baada ya inveta kuchukua chake, hata saa nne hazifiki.

Inveta nayo fundi huiondoa kila anapoweza. Kupandisha volti 12 hadi 230, kisha chaja izishushe tena hadi 12 au 5, ni kulipa ushuru mara mbili kwa mzigo mmoja. Anatoa waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi na kifaa cha kurekebisha volti. Waya uwe mnene na mfupi. Raspberry Pi inahitaji volti 5 kamili, na waya mwembamba wa meta tatu huzipunguza kiasi cha kuifanya ioneshe alama ya njano ya radi kwenye kona ya skrini. Wengi huiona alama hiyo mwaka mzima bila kujua inalalamikia nini. Ikipuuzwa, siku moja memori kadi huharibika katikati ya kuandika, na mashine haiwaki tena.

Radi ya kweli ni suala jingine. Kuanzia Novemba ngurumo za uwandani si za mzaha, na mashine inayoishi kwa betri ina faida kubwa: wingu likijaa unachomoa waya wa ukutani na wa antena, na filamu inaendelea.

Programu anayoweka ni Kodi, iliyoanza mwaka 2002 kama kicheza video cha Xbox na kupata jina lake la sasa mwaka 2014. Huwaka ikaenda moja kwa moja kwenye filamu na nyimbo, haiombi nywila, haitangazi maboresho, haihitaji bando. Kwa waya wa HDMI, televisheni nyingi huweza kuiamuru mashine kwa rimoti yake yenyewe, hasa Raspberry Pi, ambayo inalijua jambo hilo tangu kuzaliwa. Hilo nalihesabu kuwa sehemu ya ukimya. Nyumba yenye rimoti moja ina ugomvi pungufu kuliko yenye rimoti tatu na kibodi, na bibi asiyewahi kugusa kompyuta anaitawala siku ya kwanza.

Na kinachotazamwa? Filamu za Kibongo zipo, na za Kikorea zilizotafsiriwa, na mpira uliorekodiwa. Lakini kwenye mashine za Mpui kuna hazina ambayo hakuna mtandao utakaoileta. Huku ni nchi ya Wakatoliki, na tangu kamera za video zifike, hakuna kipaimara, harusi, jubilei ya padri wala mazishi makubwa yaliyopita bila mpiga picha. Yote yaliishia kwenye DVD za kuandikwa, zile za rangi ya zambarau upande wa chini, ndani ya makasha ya plastiki juu ya kabati. DVD hizo zinakufa. Rangi inayobeba picha hufifia, watoto huzikwaruza, unyevu wa miezi ya mvua huziotesha madoa, na deki za kuzisomea zinaisha madukani. Sauti zilizomo nazo ni dhaifu: zilinaswa na maikrofoni ya kamera kutoka nyuma ya kanisa, kwaya ikiwa mbali, mzee akitoa nasaha bila kipaza sauti. Mbele ya feni inayovuma, nasaha hizo hazisikiki. Ukitaka kujua kwa nini mtu ahangaike na vipande vya tyubu na mabati ya amplifaya, sababu ni hizo sauti.

Mama yule wa uvuguvugu alileta mfuko mzima. Fundi alifuta kila diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, akainakili. Diski safi haifiki nusu saa, yenye mikwaruzo inaweza kulala kwenye mashine usiku kucha ikisomwa tena na tena. DVD moja ina gigabaiti 4.7, kwa hiyo hadi disk ya terabaiti moja inameza zaidi ya 200 kabla hata hajazibana kwa H.264. Nakala ya pili huipeleka mteja mwenyewe kwa ndugu wa kijiji kingine, kwa sababu hadi disk nayo hufa, na mara nyingi bila dalili. Wenye sherehe za miaka ya 2000 kabatini wazitoe sasa, kabla ya mvua.